Bustani Chini ya Bwawa

Kilichomponza Wakesho hakikuwa wizi. Kilikuwa mdomo. Angalinyamaza Jumapili ile ya mavuno, akaweka sukumawiki zake mbele ya madhabahu kama wenzake walivyoweka mahindi yao membamba, akarudi zake kitini, mambo yasingalimfika. Lakini wapi. Mchungaji aliposema mwenye ushuhuda asimame, Wakesho alikuwa wa kwanza, kitambaa kichwani, sauti juu kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Akasema kwamba Voi nzima imekauka, kwamba mvua zimekosa mara mbili, na kwamba yeye, mke wa mtumishi tu, hajamwagia bustani yake hata kikombe kimoja tangu Julai na bado mboga zimemfika kiunoni. Mungu anazinywesha kwa chini, alisema. Kanisa likaitikia amina.

Amina nyingine zilitoka midomoni tu. Mwaka huo wa 1975 akina mama wa Voi walikuwa wakipanga madebe bombani tangu alfajiri, na mtu aliyesimama foleni saa tano kwa ajili ya debe moja hafurahii sana kusikia kwamba jirani yake anamwagiliwa na Mungu. Mumbe, mke wa Maundu bawabu, alikuwa benchi la nyuma. Alizitazama zile sukumawiki, majani mapana kama sinia, akaanza kujiuliza. Wakesho, Mama Wakio, anakaa wapi? Anakaa nyumba ya watumishi kwa Bwana Badawy. Mume wake Danson anafanya kazi gani? Anatunza bwawa la kuogelea la Bwana Badawy.

Mumbe hakuwa mwanamke mbaya. Alimwambia mumewe tu. Na Maundu, ambaye ndiye mlinda lango wa nyumba hiyo hiyo na ambaye lawama ingemwangukia kwanza, alimwambia Bwana Badawy tu. Hivyo ndivyo ushuhuda wa Jumapili ulivyogeuka mashtaka ya Jumatatu.

*

Bwana Badawy aliuza saruji na mabati pale mjini. Watu wake walikuwa wa Mombasa, na nyumba ile yenye bwawa aliinunua kwa mzungu mmoja wa mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Bwawa lilikuwa juu, karibu na nyumba kubwa. Nyumba ya watumishi ilikuwa chini kwenye mteremko, na kati ya hizo mbili ndipo bustani ya Wakesho ilipokuwa. Asubuhi ile alishuka mteremko mwenyewe, kanzu ameishika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika kijiti alichokitia alama kwa kisu.

"Danson," alisema, "maji yangu yaenda wapi?"

Danson Mwandawiro alikuwa anasuuza burashi yake. Hakuwa mtu wa maneno. "Jua ni kali, tajiri. Na pampu inakohoa, nilikuambia. Vigae vya kule kina kirefu vimeanza kuachana. Hiyo pia nilikuambia."

"Wanambia vigae, mimi nakuuliza maji. Vidole viwili kila siku. Nimepima kwa kijiti hiki siku nne, tangu kabla ya hilo kanisa lenu. Jua gani lanywa vidole viwili kwa siku? Hilo jua au ngamia?" Akainua kijiti. "Ni madebe hamsini na zaidi, Danson. Na lori la boza la kuyaleta nalilipa mimi."

Wakesho alitoka jikoni akijifuta mikono. Alitaka kumwamkia, lakini Bwana Badawy alikuwa tayari amempita na kusimama mbele ya mtungi wake wa maji. "Funua," alisema. Wakesho akafunua. Mwanamume yule mnene, mwenye heshima zake mjini, akainama akatia pua ndani ya mtungi na kuvuta pumzi.

Alikuwa anatafuta harufu ya klorini. Wakesho alilijua hilo, lakini kujua hakukumsaidia. Mama yake kule Werugha, milimani kwao, alimfundisha kwamba mgeni akipewa maji atakunywa, au atashukuru na kuyaweka chini. Akiyanusa, amemwambia mwenye nyumba kuwa ni mchawi. Uso ulimwaka moto. Mumbe alikuwa mlangoni kwake, hatua ishirini tu, anatazama.

"Hayana dawa," alisema Bwana Badawy.

"Ni ya bombani, Bwana. Nimepanga foleni."

"Ama mwayaacha wazi siku mbili, dawa ikaruka." Akaenda kwenye bustani, akachuma jani moja, akalinusa nalo. Sukuma ikanuka sukuma. Akalitupa. "Sikilizeni. Leo ni Jumatatu. Nikitoka msikitini Ijumaa sijajua maji yangu yaenda wapi, Danson nipe funguo za pampu, na nyumba yangu nayo mnipe."

*

Siku ya pili mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa sababu yalikuwa madogo. Bi Salme, mke wa Bwana Badawy, alifunga bomba la uani kwa mnyororo na kufuli. Maundu alipewa amri ya kukagua kila debe linalopita langoni, liwe linatoka au linaingia. Wakesho aliporudi kutoka foleni ya mjini na debe kichwani, ilimbidi alishushe barabarani mbele za watu ili Maundu ayanuse maji yake. Maundu aliinama nusu, akanusa hewa tu, hakumtazama usoni. "Pita, Mama Wakio," alisema. "Mimi ni kazi tu."

"Umenusa vizuri?" Wakesho aliuliza. "Inama kabisa, usije ukafukuzwa kwa ajili yangu."

Jioni alimkuta Danson amekaa kwenye kizingiti, burashi ya bwawa imelala magotini. Kwa miaka minne mtu huyu alitunza maji ambayo hakuwahi kuyaingia kupita magoti, maana watu wa milimani si watu wa kuogelea. Lakini aliyajua. Alijua siku yanapotaka dawa na siku yanapotaka kuachwa, na hakuna asubuhi jua lilipotoka likakuta jani limelala juu yake.

"Tupande tu Werugha," alisema. "Huko maji iko."

"Huko iko matuta matatu na ndugu zako saba."

"Bora njaa kuliko hii."

"Na tukipanda tutapanda na jina gani, Baba Wakio? Watauliza, Danson aliacha kazi kwa nini? Utasema nini? Wakio aende shule ya huko aitwe mtoto wa mwizi wa maji?"

Wakesho akakaa kando yake. Kulikuwa na neno alilokuwa amelibeba tangu jana, na lilikuwa zito kuliko debe. Sukumawiki zile ndizo zilizomnunulia Wakio viatu. Kila jioni alifunga mafungu na kuyauza stesheni treni ya abiria ikisimama, na kila fungu lilikuwa lake, halikupitia mkononi mwa mtu.

"Baba Wakio, udongo wa bustani uko na maji."

"Umemwagia?"

"Sijamwagia. Sikudanganya kanisani. Lakini ukichimba kidogo tu, hivi, ni tope. Tangu Julai."

Danson aligeuka polepole. "Tangu Julai unajua?"

"Nilijua ni baraka."

"Wakesho." Hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina. "Mimi naitwa mwizi, na wewe umekanyaga hayo maji kila siku."

Hilo lilimchoma kuliko pua ya Bwana Badawy, kwa sababu lilikuwa kweli. Yeye ni mtoto wa mifereji. Nyanya yake alikuwa na zamu ya mfereji kule juu, na kabla hajajua kusoma Wakesho alikuwa akijua kwamba udongo hauloi bure. Maji yakionekana mahali, kuna mahali yamepotea. Alilijua hilo na bado hakuuliza. Aliyepewa chakula na njaa inamuuma haulizi sana sufuria imetoka jiko gani. Alilia kidogo, kisha akapenga kamasi kwa ncha ya leso na kuanza kufikiri, jambo ambalo alipaswa kulifanya mapema.

"Nyanya yangu," alisema, "mfereji ukipoteza maji hakuwa anaanza kutafuta mwizi. Alikuwa anakoroga samadi ya ng'ombe, anaimwaga kule juu, halafu anatuma sisi watoto tusimame huku chini. Pale maji inatokea imechafuka, tundu ni ya huo mstari."

Danson alimtazama. "Unataka kutia samadi kwa bwawa ya Badawy?"

Na hapo, Jumanne ile chungu, wote wawili walicheka, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo, mpaka Wakio akatoka ndani kuuliza kuna nini.

"Si lazima iwe samadi," alisema Wakesho alipopata pumzi. "Bi Salme yuko na buluu ya kufulia nguo nyeupe."

*

Danson alianza na ndoo, kwa sababu alitaka kwanza jua liondolewe kwenye kesi. Jumatano asubuhi aliijaza maji ya bwawa, akaiweka juu ya ngazi ya kwanza ya bwawa, ndani ya maji, mdomo wake nje, akachora alama kwa mkaa ndani ya ndoo na nyingine ukutani mwa bwawa. Pampu akaizima. Akampa Bwana Badawy ufunguo wa mlango wa ua.

"Jua linapiga ndoo na bwawa sawasawa," alisema. "Kesho tutaona nani amekunywa."

Alhamisi walisimama pale wote: Bwana Badawy na kijiti chake, Bi Salme na mtandio wake, Maundu, na Mumbe aliyejifanya amemletea mumewe chai. Ndoo ilikuwa imeshuka unene wa msumari. Bwawa lilikuwa limeshuka vidole viwili kamili.

Danson aliona wazi kwamba amesafishwa. Lakini tajiri naye alikuwa na akili zake. "Basi si jua," alisema Bwana Badawy. "Ni mtu. Kapanda ukuta, na bawabu kalala."

"Mimi?" alisema Maundu. Chai ilimwagika. "Mzee, mimi sijalala. Mzee, debe hamsini zipite juu ya ukuta na mimi nakaa hapo? Hiyo ni mtu ama ni jeshi?"

Bi Salme alificha kicheko chake ndani ya mtandio. Wakesho akaona mlango wa kusema umefunguka, akaingia. "Bi Salme, kwa heshima yako, naomba vipande vinne vya buluu. Kama si kweli, nitakulipa."

Aliviponda na kuvifunga kwenye kitambaa. Danson akafunga kitambaa kwenye ncha ya mti mrefu wa burashi. Alitembea ukingoni taratibu hadi upande wa kina kirefu, mahali ambapo chini kabisa kulikuwa na wavu wa chuma, na chini ya wavu tundu la kutolea maji lenye kizibo ambacho hakuna mtu aliyekigusa tangu enzi za yule mzungu. Hata Danson hakujua bomba lake linakwenda wapi. Alishusha mti polepole, kitambaa kikakaribia wavu, naye akakitikisa.

Buluu haikutawanyika. Ilinyooka kama uzi, ikainama, ikaingia kwenye wavu na kupotea. Akatikisa tena. Uzi mwingine ukaingia.

"Subhanallah," alisema Bi Salme kwa sauti ndogo.

Wakesho hakungoja. Aliteremka mbio, akachukua jembe, akasimama katikati ya mboga zake. Hapo moyo ulisita. Alijua kwamba kila jembe atakalopiga linamfungulia mumewe na kumfungia yeye. Kisha akapiga. Aling'oa mche wa kwanza, wa pili, wa tano, na alipofika kina cha magoti jembe liligonga kitu kigumu. Lilikuwa bomba la saruji, mdomo wake umezibwa na udongo na mizizi, na maji yalikuwa yanachuruzika pembeni polepole. Shimo likaanza kujaa.

Wote walikuwa wameshuka. Walisimama kuzunguka shimo muda wa kuchemsha chai na zaidi. Wakesho alikuwa anachota kwa bakuli jeupe la bati, anatazama, anamwaga. Tope. Tope. Maji ya kahawia. Alianza kuogopa. Labda nyanya yake alikuwa anawachezea tu watoto. Akachota tena, akaliacha bakuli litulie kidogo ili tope lishuke, na alipolitazama hakuamini macho yake, akampelekea Danson kwanza. Danson akatazama, akafumba macho, akampa tajiri wake.

Maji yalikuwa na rangi ya buluu, hafifu, kama shati jeupe lililosuuzwa vizuri.

Bwana Badawy alitazama bakuli. Kisha, bila kuambiwa na mtu, alipiga magoti kwenye tope na kanzu yake nyeupe, akainamisha kichwa shimoni na kunusa. Alikaa vile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kunusa.

"Dawa," alisema. "Ni maji yangu." Akainuka, magoti yote mawili yamechafuka. Akamtazama Wakesho. "Nawe ulijua?"

"Nilijua udongo uko na maji, Bwana. Sikujua ni yako. Lakini sikutafuta kujua, na hilo ni kosa langu. Baba Wakio hakujua kitu. Yeye alikuambia vigae, akakuambia pampu."

"Alinambia," alisema Bwana Badawy. Alisema tena, sasa akimwelekea Danson. "Ulinambia."

*

Elijah fundi alikuja Ijumaa, akasikiliza, akatikisa kichwa kama mafundi wote wanavyotikisa kabla ya kutaja bei. Mpira wa kizibo umeoza, alisema, na saruji iliyouzunguka imepasuka. Ndiyo maana vigae vinaachana, udongo wa chini umelika. Mngengoja mwaka mwingine, kona nzima ingezama. Ni kazi ya siku mbili, lakini lazima bwawa likaushwe.

"Maji yote?" alisema Bwana Badawy, na alikuwa na uso wa mtu anayeagana na ndugu.

"Bomba lake ni hilo hilo, Bwana," alisema Wakesho. "Likifunguliwa yatatokea kwangu. Yatapita bure. Waruhusu watu wachote."

"Yatapita juu ya bustani yako, Mama Wakio. Hutabaki na mche."

"Yapite."

Alikuwa ameshang'oa kila kitu alfajiri. Mafungu kumi na tisa. Hakuyapeleka stesheni. Aliyagawa nyumba kwa nyumba mtaani, na kila mlango aliosimama alisema neno lile lile: haikuwa Mungu kwa chini, ilikuwa bomba. Mchungaji alipokea fungu lake, akafikiri, akasema kwamba Mungu hajakatazwa kutumia bomba. Wakesho akamjibu kwamba hata hivyo Jumapili atasimama tena, na safari hii atasema machache.

Jumamosi akina mama walijipanga kuanzia mdomo wa bomba hadi langoni, na langoni Maundu hakunusa debe la mtu. Danson alisimama juu ya jiwe akiwatangazia kwamba maji haya yana dawa, ni ya kufulia na kuoshea, si ya kunywa, na ya mboga wayaache siku mbili yapumue. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Alizoea kutumwa, leo watu walikuwa wanamuuliza maswali na kungoja majibu. Wakesho alimtazama kutoka chini, miguu kwenye tope lililokuwa bustani yake, akajikuta anatabasamu mwenyewe.

Mumbe alikuwa amejiweka mwisho kabisa wa foleni, nyuma hata ya watoto. Wakesho alimwita aje mbele. Alikuja na debe lake tupu amelikumbatia.

"Mama Wakio, ni mimi nilisema."

"Najua."

"Nilifikiri..."

"Hata mimi ningefikiri. Nilisimama kanisani nikajisifu mbele ya watu wenye kiu. Lete debe."

Mumbe akaleta debe. Likajaa. Wakesho akamsaidia kujitwisha, na wakati wa kuinua, vichwa vyao vilipokaribiana, Mumbe alisema kwamba ana mbegu za kunde zisizotaka maji mengi, atamletea. Wakesho akasema azilete.

Saa kumi hivi foleni ilikuwa imepungua. Danson alikuwa amekaa kwenye kizingiti, suruali imekunjwa, funguo za pampu zimening'inia shingoni kwa uzi mahali zilipokuwa siku zote. Wakesho alikuwa anaosha miguu. Bwana Badawy akateremka mteremko, polepole, na kanzu safi. Walinyanyuka. Alisimama mlangoni, akatazama bustani isiyokuwapo, akatazama funguo, akafungua mdomo kusema jambo na likamshinda. Alikuwa mtu wa kuuza na kununua. Maneno ya namna hii hakuwa nayo dukani.

"Mama Wakio," alisema mwishowe, "jua ni kali. Naomba maji."

Mumbe alikuwa mlangoni kwake, hatua ishirini, anatazama. Na wanawake wawili wa mwisho pale bombani walikuwa wanatazama. Wakesho akaingia ndani, akafunua mtungi, akachota kikombe kikajaa, akatoka nacho na kumpa kwa mikono miwili.

Bwana Badawy alikipokea kwa mikono miwili pia. Hakukileta karibu na pua. Alikipeleka moja kwa moja mdomoni, akanywa yote bila kupumzika, maji yakimtiririka kidogo kidevuni, kisha akakirudisha kikombe.

"Niongeze," alisema, na Wakesho akarudi mtungini.